Kabla Hujaliwasha Boila la Free State

Ansima mwanangu,

Barua hii nimeificha ndani ya sufuria ile kubwa uliyosema huihitaji, nami nikaifunga kwenye mizigo yako kwa ubishi wangu. Kama unaisoma, basi umefika salama, umefungua mizigo, na njaa imekushinda. Vizuri. Kula kwanza, maana barua ni ndefu, na najua Kiswahili cha kuandikwa unakisoma polepole, ukichezesha midomo kama mtoto wa shule ya Jumapili. Kiingereza ninacho, lakini changu ni cha kazini. Kinatosha kumweleza mtu habari za bomba, hakitoshi kuzungumza na mtoto wangu. Na kama nyumba ina baridi, jifunike blanketi. Usiliwashe boila mpaka umalize kusoma.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali, kuamka mapema wala kuwaepuka wanaume wenye maneno matamu. Mama za kanisa wamekuhubiria yote hayo tangu juzi, mpaka nikakuonea huruma pale kwenye kiti, umeshika sahani ya wali uliopoa, unaitikia tu. Mtu aliyesomea hesabu mpaka akapewa kazi ya kufundisha sekondari anajua saa ya kuamka. Mimi nina jambo moja, nalo unalijua, maana tuligombana juu yake.

Sasa ni jioni. Umekwenda Braamfontein kuagana na wenzako, na kesho asubuhi basi linakuchukua. Nimeingia chumbani kwako nikakaa kwenye godoro lisilo na shuka. Nilijidanganya kwamba naingia kuangalia kama dirisha limefungwa. Kule kwenye uwanja wa mbio wamewasha taa, leo farasi wanakimbia, na sauti ya mtangazaji inafika mpaka hapa kama kawaida. Ulipokuwa mdogo ulidhani anasoma majina ya watu walioingia mbinguni. Nimecheka, halafu nikaacha, kwa sababu kicheko cha mtu mmoja ndani ya nyumba kinasikika vibaya. Nina upweke, Ansima, na hata hujaondoka bado.

Nianze na ile picha. Mwenye nyumba wako alipokutumia picha za kile kijumba cha shambani huko Free State wanachopewa walimu, ulinikimbilia jikoni na simu mkononi, umefurahi kama umeshinda bahati nasibu. Ulitaka nione mlima. Mimi nikaikuza picha pembeni, pale ukutani panapotoka bomba la moshi.

“Papa, umeona mlima?”

“Nimeona bomba.”

“Eish, Papa.”

Bomba lile linatokea chini ya ukingo wa paa na kuishia hapo hapo, halijafika hata nusu ya urefu wa paa. Nyuma ya nyumba ni mlima wako mzuri. Upepo ukishuka kutoka mlimani unapiga paa, unageuka, unausukuma moshi urudi ulikotoka. Na huko ulikotoka moshi ni kwenye boila la makaa ya mawe, na boila hilo limewekwa ukuta mmoja na chumba chako cha kulala. Niliona yote hayo kabla hujamaliza kuniambia kwamba kuna miti ya pichi. Nikasema nitakuja na wewe, nikae siku chache, nitengeneze, nirudi. Ukakataa.

“Hapana, Papa. Nataka kufika mwenyewe. Ukikuja, utapanga kila kitu, halafu utarudi, na mimi sitajua hata moto inawashwa namna gani.”

Nilikasirika. Uliniona nikipanga spana zangu kwenye sanduku kwa kelele, spana ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Ulifikiri nimeudhika kwa sababu umekataa msaada wangu, na kweli niliudhika. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba mama yako aliwahi kuniambia neno la namna hiyo, siku ambayo sikuwa na pa kuweka uso wangu.

Habari yenyewe unaijua. Mama yako aliitoa kanisani kama ushuhuda, na kila alipoitoa aliifupisha: Mungu alituokoa na moshi, haleluya. Ulikuwa darasa la kwanza, kwa hiyo unachokikumbuka ni kiti kilichovunja dirisha na wanawake wamekaa kwenye majani ya uani na viatu wameacha ndani. Nitakueleza upande wa fundi, kwa sababu upande huo hauna haleluya, na kuanzia kesho usiku utakuwa unalala karibu na moto wa aina ile ile.

Ilikuwa baridi yetu ya kwanza katika nyumba hii ya Turffontein. Sisi watu wa Bukavu tulidhani tunaijua baridi. Hatukuijua. Baridi ya Johannesburg ni kavu, inapasua midomo, na nyumba za huku zimejengwa kana kwamba Julai haitafika kamwe. Mchana kutwa nilikuwa nawafungia maboila watu wa kaskazini mwa jiji, wanatembea ndani bila soksi, na jioni narudi kwenye mke na mtoto waliojikunyata mbele ya hita ya mafuta ya taa. Niliona aibu. Basi mteja wangu mmoja alipohamia kwenye gesi, akaniambia nichukue boila lake dogo la makaa, nililipakia kwenye bakkie, ile pikapu ya kazini, kama mtu aliyepata mahari ya ng'ombe.

Nililifunga mwenyewe, katika kile kijichumba kati ya jikoni na sebule ambacho sasa tunaweka mifagio. Na sikufanya kazi mbovu, Ansima. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Dohani niliipandisha mpaka ikapita kilele cha paa, ili upepo usiipige kichwani. Kwenye bomba niliweka kile kilango kinachobembea chenyewe: upepo wa nje ukivuta kwa nguvu mno, kinafunguka kidogo na kupunguza mvuto, ukilegea kinajifunga. Na ukutani niliweka matofali ya matundu, moja chini karibu na sakafu, moja juu karibu na dari, kwa sababu moto unakula hewa kuliko watu wote wa nyumbani, na hewa hiyo lazima itoke nje, isitoke vifuani mwenu.

Halafu nikalijaribu. Mama yako nilikuwa nimemtuma akae kwa rafiki yake pamoja na wewe, ili vumbi lisiwasumbue. Nikawasha moto ndani ya nyumba tupu, milango iko wazi kwa sababu naingia na kutoka na vyombo vyangu. Moto ukavuta vizuri ajabu. Niliweka njiti inayofuka moshi kwenye mdomo wa kilango, moshi ukainama na kuingia ndani kama unaitwa. Nikafunga sanduku langu nikaenda kuwachukua. Kazi imekwisha.

Mama yako alizunguka nyumba nzima akishika redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyoleta joto la boila, kwa viganja, akicheka. Alipofika kwenye ukuta akainama.

“Papa Ansima, na hii matundu ni ya nini? Inaleta baridi.”

“Ni ya boila. Uiache tu. Mambo ya boila usiguse kitu, mi njo nitafanya.”

Hayo ndiyo maelezo yote niliyompa mke wangu. Wateja wangu niliwaeleza kwa saa nzima, kwa Kiingereza kilichovunjika, na michoro kwenye karatasi. Mama yako, ambaye angenielewa kwa lugha ya nyumbani, nilimjibu kama ninavyomjibu mtu anayeniuliza saa ya kufunga ofisi. Nilikuwa najivuna. Nilitaka joto lionekane linatoka kwangu mimi, kama zawadi, na mtu anayetoa zawadi haelezi ilivyotengenezwa.

Kama unavyokumbuka, mama za kanisa walikuwa wanakutana kwetu Jumapili mchana. Na jirani yetu wakati ule alikuwa nesi wa zamu ya usiku, mama mmoja wa hapa hapa, mpole, ambaye mchana ndio usiku wake. Siku moja alikuja kwenye uzio akaomba kwa adabu sana kama tungeweza kupunguza sauti za nyimbo. Mama yako alitamani ardhi ipasuke. Unamjua, mtu ambaye hakutaka hata mlango wetu ulie usiku wasije wakaamka watu wa nyumba ya pili. Jumapili iliyofuata alizunguka nyumba akitega sikio, akitafuta mahali sauti inapotorokea. Madirisha akayatundikia mablanketi. Chini ya milango akasokota mataulo. Kisha akafika kwenye matofali ya matundu, akaweka kiganja, akasikia hewa inapita, akajua sauti pia inapita pale. Akayaziba kwa sweta kuukuu, la chini na la juu, akasukumiza kwa mwiko mpaka zikakaza.

Wakati huo huo jikoni kulikuwa na makayabu kwenye mafuta, na ili harufu ya samaki isiingie kwenye nguo za wageni, akawasha ile feni ya juu ya jiko inayovuta mvuke na kuutupa nje. Kila alichokifanya siku ile alikifanya kwa kuwafikiria watu wengine. Nimekitafakari miaka yote hii na sijapata hata kimoja cha kumlaumu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Feni inatoa hewa ndani ya nyumba. Hewa iliyotoka lazima ije nyingine mahali pake. Milango imezibwa, madirisha yamezibwa, matofali yamezibwa. Tundu moja tu limebaki wazi katika nyumba yote, nalo ni dohani. Basi dohani iliyotakiwa kutoa ikaanza kuingiza. Ule moshi wa makaa yaliyokwisha kukolea hauonekani wala haunuki. Unashuka taratibu, unapita kwenye kile kilango changu kizuri, unaingia sebuleni walikokaa watu.

Mimi nilikuwa nimeitwa Rosettenville kwenye bomba lililopasuka. Nilirudi jua linaelekea kuzama, na nilipofika kwenye ngazi nikasikia wimbo unaimbwa polepole mno. Nikafungua mlango kwa kusukuma taulo. Mama mmoja alikuwa amelala sakafuni, amefunikwa kitenge miguuni. Mwingine ameegemea ukuta, ameshika kichwa, machozi yanatoka. Mama Pasteur, mke wa mchungaji wetu, amenyoosha mkono juu yao.

“Musimuguse! Roho iko nafanya kazi.”

Nikavua kofia. Unaona? Hilo ndilo lililonikalia moyoni kuliko vyote. Kanisani kwetu mtu kuanguka si jambo la ajabu. Anaanguka, anafunikwa kitenge, wimbo unaendelea. Na mimi ndiye yule mume anayesingizia kazi kila siku ya maombi. Niliona haya kuingia na viatu vya matope na kuharibu kitu ambacho sikuwahi kukithamini. Nikasimama pale mlangoni, fundi wa maboila, mikono imeshika kofia, napumua sumu ya boila langu mwenyewe na kungoja wamalize. Muda gani, sijui. Unazidi kuwa mrefu kila mwaka ninapoukumbuka.

Kilichonishtua ni vioo. Blanketi moja lilikuwa limeteleza, na kioo nyuma yake kilikuwa kinatiririka maji kama sufuria imefunguliwa mfuniko. Moto wa makaa unatoa mvuke pia, na mvuke ule ulitakiwa uwe unatoka juu ya paa. Nikageuka nikawatazama ninyi watoto, wewe na wale wa wageni, kwenye mkeka wa kwenye korido. Mlikuwa mmelala wote, jua halijazama bado, bila kugombana. Nilipokuinua ulitapika kwenye koti langu, na kichwa chako kikaanguka nyuma.

Kiti nilikirusha kwenye dirisha kabla sijafikiri. Nikafungua milango yote, nikazima feni, nikaanza kuwatoa watu nje, wengine nikiwaburuta. Mama Pasteur alinishika shati.

“Papa Ansima, uko nakatiza Roho!”

“Hapana Roho, Mama. Ni boila yangu.”

Jirani nesi aliruka uzio na gauni lake la kulalia. Ndiye aliyeita ambulansi, ndiye aliyewalaza watu kwa ubavu, ndiye aliyekukumbatia wewe mpaka ukalia, na kilio chako kilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Wote walipona. Lakini mama yako alikuwa na mimba, na baada ya siku chache mimba ile ilitoka. Hilo alikueleza mwenyewe ulipokuwa mkubwa. Daktari alisema hawezi kujua kwa hakika sababu ni nini. Mimi sikuhitaji aniambie.

Hospitalini, mama yako akiwa bado na ile barakoa ya oksijeni imening'inia shingoni, unajua nilimwuliza nini? Sikumwuliza kama ana maumivu. Nilimwuliza kwa nini aliziba matundu. Alinitazama bila hasira, na afadhali angekasirika.

“Uliniambia ni ya boila,” akasema. “Haukuniambia ni ya sisi.”

Tangu siku ile nimebadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Nikimaliza kufunga boila nawaita watu wote wa nyumba ile, bosi na mkewe, watoto, na yule dada wa kazi ambaye ndiye atakayeliwasha kila asubuhi. Tunafunga milango na madirisha yote. Tunawasha kila feni, na mashine ya kukausha nguo, na kila kitu kinachovuta hewa, vyote kwa pamoja, kama siku yao mbaya kuliko zote. Halafu nampa dada wa kazi njiti inayofuka, aiweke mwenyewe kwenye mdomo wa kilango, na wote tunaangalia moshi unainamia wapi. Bosi anaangalia saa yake. Namwacha aiangalie. Nilijaribu nyumba yangu ikiwa tupu, na nyumba yangu haikuwa ya kukaa tupu. Ilikuwa ya kukaa mama yako na nyimbo zake na makayabu yake.

Lakini kwenu wawili, wewe na mama yako, sikujifunza chochote. Boila nililing'oa nikawapa wauza vyuma, matundu nikayafukua, na badala ya kuwaeleza, nikaanza kuwalinda. Nilikuwa mtu wa kuzunguka nyumba nikishika swichi na vitasa. Mama yako alinivumilia kwa kicheko. Alipofariki, nikabaki na wewe peke yako wa kukulinda, na nikakubana. Ulipoanza chuo nilitaka unipigie ukipanda basi, ukishuka basi, ukivuka kwenye robot, zile taa za barabarani. Siku moja, umekaa hapo mezani, ukaniambia umepata rafiki anayepiga gitaa vizuri. Nikakuuliza anakaa ghorofa ya ngapi, na ngazi ya dharura iko upande gani. Ukamaliza chai yako ukaenda chumbani. Sijasikia habari za mtu huyo tena, na nilikuwa na hamu ya kuzisikia, lakini ningeziulizaje baada ya hapo?

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa kimya hata kabla hujapata kazi. Kila ulichoniletea nilikigeuza hatari, basi ukaacha kuleta. Nakuelewa kabisa. Lakini nilikula peke yangu mara nyingi wewe ukiwa chumba cha pili, na nadhani wewe pia ulikuwa unakula peke yako.

Sasa nikwambie nilichokifanya wiki hii, ucheke au ukasirike. Nilimpigia simu mwenye nyumba wako bila kukwambia. Tukapatana kwamba nitakuja siku mbili baada yako, nijifanye nimepitia tu. Tiketi nilikuwa nimekata. Yule mama wa kizungu ni mzee kwa sauti, na anapenda kuzungumza kama mtu ambaye simu yake hailii mara nyingi. Nikamwuliza habari za boila: kuna matundu ukutani? Bomba lilisafishwa lini? Kilango kinabembea au kimekwama? Kila swali alijibu kwamba hajui. Mwisho akasema mumewe ndiye aliyekuwa akishughulika nalo, na alipofariki halikuwashwa tena, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi. Anaishi hatua chache kutoka kwenye boila, ambalo ndilo lililokuwa likipasha na nyumba yake, na kila baridi anavaa makoti mawili kitandani.

Niliposikia hivyo nilikuona wewe ndani ya makoti mawili, siku ambayo mimi sitakuwepo. Leo asubuhi nimempigia tena nikamwambia siji. Tumekubaliana amwite fundi wa pale mjini kwenu, mwenye cheti cha kazi hiyo, na boila lisiguswe mpaka fundi huyo alimalize. Kwa sasa kuna hita ya umeme, tumia hiyo. Nimemwomba pia jambo moja, kwamba fundi akija, wewe uwepo. Na yeye awepo, kama atapenda.

Simama pale, mwanangu. Usimletee chai ukaondoka. Mwambie apandishe bomba lipite kilele cha paa, na alichungulie lote, maana kwenye bomba lililokaa bila moto hivyo lazima kuna kiota cha ndege. Mwulize hewa ya moto itaingilia wapi, na akikuonyesha tundu, weka kiganja chako uisikie ikipita. Kilango mwache kibembee. Wakikwambia ukifunge kwa waya ili moto uwe mkali, kataa. Asubuhi ya baridi sana, dohani inakuwa imejaa hewa nzito iliyolala, basi choma kwanza karatasi ya gazeti pale chini ya bomba mpaka usikie inaanza kuvuma, ndipo uwashe makaa. Na akimaliza kazi, ifunge nyumba kama utakavyoifunga wewe ukiwa na baridi, maana nakujua, utasokota taulo chini ya mlango kama mama yako. Washa feni ya jikoni. Kisha omba njiti uishike wewe.

King'ora cha gesi ya sumu nimekiweka kwenye begi dogo, kitundike karibu na kitanda. Lakini hata kisipolia, kumbuka kwamba kichwa kinachouma ndani na kupona ukitoka nje hakiumi kwa sababu ya kusahihisha madaftari. Vioo vikitokwa na jasho jingi boila likiwaka, toka. Toka kwanza, fikiri ukiwa nje. Na mtu akianguka karibu na moto, usiwe na adabu. Vunja dirisha, mvute, baadaye uombe radhi. Usisimame mlangoni kama mimi.

Hayo ndiyo yote ninayoyajua. Nimeyaandika kwa kirefu ili nisiandike kwamba naogopa. Naogopa, Ansima. Naogopa moto ule, na naogopa zaidi jikoni mle kesho jioni, nitakapotoa sahani mbili kabatini kwa mazoea. Nilitaka kuja huko na spana zangu kwa sababu kando ya boila najua la kusema, na kando yako nimesahau. Hilo si kosa lako, na halirekebishwi kwa wewe kubaki.

Moto ukishika vizuri, usinipigie kwa ajili hiyo. Nitajua kwamba umeshika, kwa sababu ulikuwepo na uliuliza. Nipigie Jumapili, ukiwa umepata joto na umevua soksi, unieleze kitu chochote ambacho mimi siwezi kukitengeneza. Nitanyamaza, nisikilize mpaka mwisho.

Papa